Dereva Aliyefunga Injini Yake Mwenyewe

Kizazi chetu kinaelekea ukingoni, na kina haki ya kusema neno kabla hakijanyamaza. Nawazungumzia waliozaliwa katika miaka ya 1940, wakashika spana wangali barubaru, wakaishi na gari tangu lilipokuwa chuma cha kufunguliwa kwa mkono hadi lilipogeuka chombo ambacho fundi hakigusi kabla hajachomeka kompyuta. Baadhi yetu tulitoka Mwambao wa Afrika Mashariki, tukiwa tumepata misingi ya ufundi katika vyuo kama MIOME ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 1951, tukavuka bahari na kuishia Coventry, mji wa katikati ya Uingereza ambao wakati huo ulikula na kuvaa kwa kutengeneza magari. Wengine walizaliwa palepale, watoto wa mafundi na wajukuu wa mafundi. Kazi ikatuweka bega kwa bega, na katika kazi hiyo tukampata dereva wa mbio tuliyemhesabu kuwa wetu. Jina lake ni Andy Rouse.

Vijana wa leo wanamjua Lewis Hamilton, na wanastahili kumjua. Lakini Formula One ni mbio za magari ambayo hakuna atakayeyaona barabarani. Mbio alizokimbia Rouse ni za magari ya saluni, yale ambayo mwalimu huendea shuleni na muuguzi huendea zamu, yaliyopunguzwa uzito, yakaimarishwa miguu na breki na kutiwa injini iliyonolewa, ilhali sura yake ikabaki ileile iliyo dukani. Ubingwa wa mbio hizo nchini Uingereza, unaoitwa leo BTCC kwa kifupi, ulianza mwaka 1958. Msimu huo wa kwanza Jack Sears na Tommy Sopwith walimaliza wakiwa sawa kwa pointi, wakaamuliwa kwa kushindanishwa pale Brands Hatch katika magari mawili ya Riley yaliyofanana, Sears akashinda. Mwaka 1964 taji lilichukuliwa na Jim Clark, ambaye tayari alikuwa bingwa wa dunia wa Formula One, akiwa na Lotus Cortina. Sisi tuliokuwa Afrika Mashariki tunaukumbuka mwaka huo kwa sababu nyingine pia: Pasaka ile Peter Hughes alishinda mashindano ya Safari akiendesha Ford Cortina GT, kwenye tope na vumbi la nchi zetu. Gari la jina lilelile likatawala lami ya Uingereza na barabara za udongo za kwetu katika mwaka mmoja, na wako vijana wengi waliochagua ufundi kwa sababu hiyo. Mtu aliweza kuona kwa macho yake kwamba kitu kinachofunguliwa na kufungwa chini ya mwembe ndicho hicho kinachoshinda duniani.

Rouse alizaliwa mwaka 1947 katika kijiji cha Dymock, Gloucestershire, mbali na viwanja vya mbio na mbali na fedha zake. Aliingia katika uhandisi kwa njia tuliyoingilia wengi wetu, yaani uanagenzi: kijana huwekwa chini ya fundi mkubwa, hufagia, hupokea na kurudisha zana, hutazama, na baada ya muda huachiwa kazi ndogo, kisha kubwa. Akafika Broadspeed, karakana ya Ralph Broad, mtu mkali wa maneno na mkarimu wa elimu, ambaye magari yake yalikuwa yamekwisha kumpa John Fitzpatrick ubingwa wa mwaka 1966 kwa kigari kidogo cha Ford Anglia. Broad alimtumia Rouse kwa uhandisi wake, kisha akampa na usukani. Nawaomba wasomaji walishike jambo hili, maana ndilo nililokusudia kulisema katika makala haya yote. Katika zama zetu ulikuwapo mlango kati ya karakana na kiti cha dereva, na mlango huo ulikuwa wazi. Si kila mtu alipita. Wengi wetu hatukuwa na kipaji cha kupita. Lakini tulijua uko wazi, na kujua huko kulibadilisha namna tulivyoifanya kazi yetu, hata kazi ya kukaza nati ambazo hakuna atakayeziona.

Kanuni za mbio za wakati ule zilisaidia. Magari yaligawanywa katika madaraja kwa ukubwa wa injini, na pointi za ubingwa zilihesabiwa kwa nafasi ya dereva ndani ya daraja lake. Kwa hiyo kigari kidogo kingeweza kumaliza nyuma ya majitu ya Marekani na bado kikatoa bingwa. Bill McGovern alichukua ubingwa mara tatu mfululizo, 1970 hadi 1972, akiwa na Sunbeam Imp. Richard Longman aliuchukua mara mbili, 1978 na 1979, kwa Mini. Bernard Unett, ambaye ajira yake ilikuwa uhandisi wa majaribio wa magari, aliuchukua mwaka 1974, tena 1976 na 1977, kwa Avenger, gari la kampuni iliyokuwa na viwanda vyake Coventry. Katikati ya ushindi wa Unett, mwaka 1975, akaingia Rouse kwa Triumph Dolomite Sprint, gari lililounganishwa Canley, katika mji uleule. Miaka minne mfululizo taji la Uingereza lilikuwa mikononi mwa watu wawili ambao kila mmoja aliweza kufungua injini ya gari lake na kukueleza sababu ya kila kipande kuwa pale kilipo. Na magari yao yote mawili yalikuwa na jasho la mji wetu.

Mtu asiyeijua miaka hiyo hawezi kupima uzito wa jambo hili. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwishoni mwa 1973. Mwanzoni mwa 1974 serikali ya Uingereza iliamuru viwanda vitumie umeme siku tatu tu kwa wiki, na familia zikawa zinakula chakula cha usiku kwa mwanga wa mshumaa. Migomo ilikuwa haikatiki. Ya haki ilikuwapo na isiyo ya haki ilikuwapo. Mwaka 1975, ule ule wa ushindi wa Rouse, British Leyland, kampuni iliyomiliki Triumph, ilishindwa kusimama kwa miguu yake ikaangukia mikononi mwa serikali. Magazeti yalituandika kana kwamba sisi ni watu wa kutengeneza takataka. Fundi mwenye kujiheshimu alikuwa akisoma maneno hayo asubuhi, kisha anakwenda kazini kuifanya kazi yake vilevile. Ndipo Jumapili, au siku ya mapumziko ya kitaifa, Dolomite ya Broadspeed ikatokea Silverstone au Thruxton au Oulton Park na kuwaacha wengine. Hatukuwa na maneno ya kuwajibu waandishi. Gari lilitujibia.

Na injini yenyewe ilistahili. Ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 1,998, silinda nne zilizolazwa upande, na valvu 16 wakati ambapo magari mengi ya mtaani yalikuwa na nane. Iliingia sokoni 1973, na mwaka uliofuata Baraza la Usanifu la Uingereza likaipa tuzo. Wahandisi wengine waliotaka valvu 16 walitumia kemshafti mbili. Hawa wa Coventry walitumia moja. Kila kivimbe cha kemshafti hiyo kilifanya kazi mbili: kilisukuma valvu ya kuingiza hewa moja kwa moja, kisha kilipozunguka kikaunyanyua mkono mrefu wa chuma uliovuka upande wa pili na kuifungua valvu ya moshi. Kuupima mwanya wa valvu hizo kulihitaji subira. Unachukua kibapa chembamba cha chuma, unakipitisha kati ya kivimbe na kikombe cha valvu, na unasikiliza kwa vidole: kikipita bila kugusa, mwanya umezidi, kikikwama, umepungua, kikipita kwa kukwaruza kidogo, ndipo. Ukikuta valvu moja haiko sawa, inabidi uing'oe kemshafti nzima, ubadilishe kisahani cha chuma chenye unene wa milimita chache kwa kingine kilichozidi au kupungua kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, urudishe kila kitu, ukaze kwa kipimo, na upime upya valvu zote 16. Ukikosea, unarudia. Katika injini ya mtaani kosa hilo huleta kelele. Katika injini ya mbio, inayozunguka kwa kasi ya ajabu kwa mizunguko mingi ya kiwanja, kosa hilo huivunja. Rouse aliujua mkwaruzo ule kwa vidole vyake mwenyewe, na alipoketi nyuma ya usukani akaisikia injini ikipumua vibaya, alijua ni wapi panauma na amvumilie mgonjwa wake kwa kiasi gani hadi mwisho wa mbio. Wazee wa kwetu Mwambao walimheshimu zaidi nahodha aliyeshiriki kukalafati jahazi lake mwenyewe, kwa kuwa baharini usiku aliutambua kila mlio wa mbao. Dereva huyu alikuwa wa namna hiyo.

Baada ya ubingwa wa 1975 ilipita miaka minane kabla hajapata wa pili. Hapa ndipo napenda vijana wakae na kutafakari, kwa sababu historia za mabingwa hupenda kuruka miaka ya kiangazi na kutua kwenye mvua. Mwaka 1976 Broadspeed walikabidhiwa kazi ya kuliandaa Jaguar XJ12C kwa ubingwa wa Ulaya wa magari ya saluni. Lilikuwa gari zuri kulitazama na zito kulibeba, lenye injini ya silinda 12 na lita zaidi ya tano. Kwa kasi halikuwa na mpinzani. Mara kwa mara lilianza mbio likiwa nafasi ya kwanza. Lakini kumaliza mbio lilishindwa. Kwenye kona ndefu oili ilikimbilia upande mmoja na kuiacha injini ikiwa kavu, na uzito ule ulivunja vitovu vya magurudumu na mihimili ya kuyazungusha. Rouse na dereva mwenzake Derek Bell walihangaika nalo kwa misimu miwili, na zawadi yao kubwa ikawa nafasi ya pili Nürburgring mwaka 1977. Mwisho wa mwaka huo kampuni ikauzima mradi. Nawakumbuka watu waliosema kwamba kazi ile ilikuwa ya bure. Sikubaliani nao hata leo. Mtu akishughulika miaka miwili na gari linalovunjika kila wiki, akatafuta sababu ya kila mvunjiko na kuiondoa, na kesho yake sehemu nyingine ikavunjika, amepita shule ambayo gari zuri halifundishi. Aliyoyafanya Rouse baadaye yalitoka katika shule hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alifungua karakana yake mwenyewe Coventry. Zingatieni wakati. Dolomite lilikoma kutengenezwa mwaka 1980, na kuunganisha magari Canley kukakoma mwaka huohuo. Wanaume waliofanya kazi miongo miwili mahali pamoja walikuwa wakirudi nyumbani na visanduku vyao vya spana na barua ya kuwashukuru. Kuanzisha karakana ya magari ya mbio katika mji unaofunga viwanda vyake vya magari kulihitaji moyo. Lakini ni katika mji huohuo ambamo mikono bora ilikuwa ikisimama vijiweni bila kazi, na mwenye kujua thamani ya mikono hiyo aliijua. Mwaka 1983 Rouse akashindana kwa Alfa Romeo GTV6, gari la Kiitalia lenye silinda sita, dhidi ya Rover Vitesse za timu ya Tom Walkinshaw zilizokuwa zikishinda kila mbio. Baadaye Rover hizo zilipatikana na hatia ya kuvunja kanuni za ufundi, matokeo yao yakafutwa, na taji likaenda kwa Rouse huku mwaka mwingine ukiwa umekwisha kuanza.

Wapo waliosema, na wapo wanaosema hadi sasa, kwamba ubingwa huo aliupata mezani. Jibu lake lilikuwa la kifundi. Msimu wa 1984 alilichukua gari lilelile lililokuwa limemtangulia, Rover Vitesse, lenye injini ya silinda nane ya lita 3.5, akaliandaa kwa kufuata kanuni, na akawa bingwa. Mwaka 1985 akaligeukia gari ambalo Waingereza wengi hawakuwa wameliona: Ford Sierra XR4Ti, lililouzwa Marekani kwa jina la Merkur, lenye silinda nne na turbo. Akawa bingwa tena. Mataji matatu mfululizo, kwa magari matatu ya kampuni tatu, yenye injini za tabia tatu tofauti. Alfa hutaka kuzungushwa juu ndipo ikupe nguvu. Rover yenye silinda nane hukupa nguvu kutoka chini, na hukuomba usiichoshe mikono ya valvu zake. Turbo ya miaka ile ilikuwa na utoro: unakanyaga mafuta, hakuna kinachotokea, unahesabu moyoni, kisha nguvu yote inamwagika kwa mara moja, basi ilimlazimu dereva akanyage kabla hajaifika katikati ya kona ili nguvu imkute akiwa amenyoosha usukani. Kuzimudu tabia hizo tatu katika misimu mitatu hakuwezekani kwa mguu peke yake. Kunataka mtu aliyekuwa amelala chini ya gari hilo majira ya baridi yote.

Yaliyofuata yanastahili heshima yake pia. Mwaka 1986 na 1987 taji lilikwenda kwa Chris Hodgetts na Toyota Corolla yake ndogo, kwa hesabu ileile ya madaraja. Rouse na Sierra zake wakawa wa kwanza kuvuka mstari huku wakijua kwamba msimu ukiisha taji huenda likawa la mwingine. Alipokuja na Sierra RS500, iliyozaliwa mwaka 1987 na kutengenezwa magari 500 tu ili ipate kibali cha mbio, lilikuwa gari lenye nguvu za farasi zaidi ya 500 kwenye magurudumu mawili ya nyuma, na injini za karakana yake zilitafutwa hata na wapinzani. Angeweza kukaa hapo na kuvuna. Badala yake alikuwa miongoni mwa waliopigania kanuni mpya: injini za lita mbili tu, zisizo na turbo, zisizoruhusiwa kuzidi mizunguko 8,500 kwa dakika, na kila mtu katika daraja moja. Tangu 1991 ubingwa mzima ulikimbiwa kwa kanuni hizo. Kampuni za magari zikamiminika, televisheni ikawaleta watazamaji, na sauti ya Murray Walker ikaingia sebuleni mwa watu ambao hawajawahi kufika uwanjani. Mtu aliyekuwa akinufaika na kanuni za zamani kuliko wote ndiye aliyesaidia kuziondoa. Nimeishi muda wa kutosha kujua jinsi jambo hilo lilivyo adimu.

Kwa kanuni hizo alijenga Toyota Carina, kisha Ford Mondeo. Kwa Mondeo iliyotoka katika karakana yake, Paul Radisich wa New Zealand alishinda Kombe la Dunia la magari ya saluni Monza mwaka 1993, na akalitetea Donington mwaka 1994. Mwisho wa msimu huo wa 1994 Rouse akatoka kwenye kiti cha dereva, akiwa karibu na miaka 47, akiwa na mataji manne na ushindi wa mbio 60. Idadi hiyo ilidumu miaka mingi mpaka Jason Plato alipoipita, naye Plato akafika 97 kabla ya kustaafu. Zile kanuni za lita mbili zilizaa gharama kubwa, kiasi kwamba kufikia mwaka 2000 kampuni zilizobaki zilikuwa tatu tu. Hilo nalo ni kweli na lazima lisemwe. Fedha ilipoingia kwa wingi, haikuingia kwa ajili ya mafundi.

Na sasa wanangu, niseme juu ya leo bila kuwaonea. Sisi wazee tuna ugonjwa wa kuisifu jana, na jana yetu ilikuwa na makaburi. Viti vya siku zile havikumshika dereva, matangi ya mafuta yalikuwa karibu mno na mgongo wake, na wapo tuliowazika wakiwa na watoto wadogo. Leo fremu ya chuma ndani ya gari na kiti kilichofinyangwa kwa mwili wa dereva vinamtoa mtu akiwa mzima katika ajali ambayo zamani ingemuua. Nalishukuru hilo kwa moyo wangu wote. Tena madereva wa sasa ni hodari. Colin Turkington wa Ireland ya Kaskazini amefikia mataji manne, idadi ileile ya Rouse. Ash Sutton naye amechukua manne akiwa bado kijana. Wanakimbia mbio tatu kwa siku moja, magari yakigusana ubavu kwa ubavu, na hadi msimu wa 2021 aliyefanya vizuri alibebeshwa mzigo ili wengine wamfikie. Anayeshinda katika hali hiyo hana deni na mtu.

Lakini tazameni njia waliyopita. Mtoto huanza kart akiwa na miaka minane, mzazi akilipa. Hupanda ngazi za mashindano ya vijana, mzazi au mdhamini akilipa. Anapofika kwenye BTCC huja na fedha za wadhamini zinazonunua nafasi ya msimu, fedha ambazo fundi wa kawaida hazipati hata akiuza nyumba. Gari analikuta limekamilika. Tangu kanuni za 2011 sehemu nyingi, kama gia boksi na fremu za mbele na nyuma, hutoka kwa watengenezaji walewale kwa timu zote. Anafanya mazoezi nyumbani kwenye kioo cha kompyuta. Akitoka uwanjani, mhandisi humwonyesha kwa mistari ya rangi ni wapi alichelewa kukanyaga breki. Na yule kijana anayefunga gia boksi hiyo saa sita za usiku ili gari liwe tayari asubuhi, ambaye pengine ana mguu na jicho kuliko anayemfungia, ataifunga miaka ishirini na hatakalia kile kiti hata siku moja. Mlango umefungwa. Haukufungwa kwa nia mbaya, na hakuna mtu mmoja wa kumlaumu. Umefungwa na bei.

Hasara yake ni kubwa kuliko mbio. Wenzetu waliotoka viwandani miaka ile ya 1980 hawakulala. Walikodi nafasi chini ya matao ya reli, wakafungua gereji za mtu mmoja, wakasomesha watoto kwa kubadilisha klachi na breki. Baadhi walirudi Mombasa, wengine Unguja, wengine Dar es Salaam, wakawa walimu wa vijana ambao nao leo wana mvi. Waliweza kustahimili kwa kuwa waliamini kwamba fundi si mtu wa chini. Imani hiyo walipewa na mifano waliyoiona kwa macho: Unett, Rouse, na huku kwetu Joginder Singh, kijana wa Kericho aliyekulia katika gereji ya baba yake, akashinda Safari mwaka 1965 kwa Volvo, na tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Watu hawa walishika spana na usukani kwa mikono ileile, na ulimwengu ukawapigia makofi. Mtoto wa fundi akiona hivyo hakui akiwa na haya ya oili iliyo kwenye kucha za baba yake.

Nimepita kwenye gereji za Gerezani, Dar es Salaam, na za Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Mikono ipo. Nimemwona kijana akirekebisha mwanya wa valvu kwa kipande cha kopo alichokikata mwenyewe, na kazi ikawa sahihi. Mashindano ya Safari yamerudi katika ubingwa wa dunia wa rali tangu 2021, na kila mwaka Naivasha hujaa watu. Wengi wa vijana hawa husimama nje ya kamba, wakilisikiliza gari na kutambua linavyougua kabla dereva hajatambua.

Basi ombi langu ni kwa wenye timu na wenye karakana, wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na wenzao wa Uingereza. Ralph Broad alimtazama mhandisi wake akaona dereva, akampa gari. Kila msimu mna siku za majaribio ambapo gari huzungushwa uwanjani bila mashindano. Tengeni siku moja kati ya hizo kwa fundi wenu bora, mvisheni kofia ya chuma, mpeni gari alilolifunga yeye mwenyewe, na mpimeni muda wake kwa haki kama mnavyompima dereva mwenye wadhamini. Na nyinyi vijana mnaotafuta usukani, kabla hamjaomba fedha ya msimu, ombeni kazi katika karakana na mkae humo mpaka muweze kuifungua injini na kuirudisha bila kusimamiwa. Rouse alianzia hapo, na matatu kati ya mataji yake manne yalimkuta akiwa na karakana yake.